TV ndani ya kampa yetu: ya kwanza ilianguka, ya pili ilizima, sasa nimeifunga hivi

Wiki hii nimeulizwa na watu watatu, mmoja alinisimamisha kwenye foleni ya feri Likoni akachungulia dirishani, ile TV mumeifunga vipi na haianguki. Sasa naandika hapa mara moja na kwa urefu, manake jibu la foleni ya feri halitoshi, na hii habari imenigharimu pesa na imemharibia mamangu safari mbili nzima.

Kwa asiyeijua gari yetu, ni Hiace ya dari refu, zamani ilikuwa matatu ya abiria 14. Tuling'oa viti, tukatia kitanda nyuma, jiko dogo la gesi, tangi la maji, kifriji, na betri ya pili chini ya benchi. Twaenda nayo Kilifi, Watamu, Shimoni, saa zingine Tsavo Mashariki, na tukienda twaenda na mama. Mama ana miaka 71 na magoti yake yamechoka, hawezi kukaa kitako muda mrefu, kwa hivo jioni watoto wakitoka kwenda ufuoni yeye hubaki amelala ubavu kitandani. Na nyumbani Mikindani ikifika saa moja usiku ni taarifa ya habari ya Kiswahili, hiyo haina mjadala, hata wageni wakiwepo watanyamaza. TV ya kwenye gari niliitia kwa ajili yake. Nalisema hili mapema kwa sababu ndilo lililoamua kila kitu, ukubwa, mahali, hata aina ya kioo, na nikwambie ukweli mara ya kwanza sikulifikiria kabisa, nlichofikiria ni "TV ipo nyumbani haitumiki, hebu niitundike".

Hiyo ya nyumbani ilikuwa ya inchi 32. Nikaifunga kwenye ubavu wa gari nyuma ya kiti cha dereva, kwenye ile plaiwudi nyembamba ya milimita 3 tuliyofunika nayo bodi, kwa skrubu nane fupi na braketi ya mkono ule wa kuvuta na kuzungusha. Ikakaa vizuri. Mombasa mpaka Malindi lami tupu, haikutikisika. Tukaingia Tsavo kwa Sala Gate, tukashika ile njia ya murram inayofuata mto Galana kuelekea Voi, na mwenye kuijua anajua yale makunyanzi ya barabarani, gari haidundi sana bali inatetemeka, drrrrr, saa nzima, meno yanagongana. Mbele kidogo ya Lugard Falls nkasikia mlio kama sahani imeanguka. Skrubu zote nane zilikuwa zimejitoa kwenye plaiwudi, matundu yamekuwa makubwa kama yametafunwa na panya, TV imelala chini kioo kimepasuka kutoka pembe hadi pembe. Mama alikuwa ameketi kiti cha mbele siku hiyo. Kama angekuwa amelala nyuma kichwa kikiwa upande ule, sijui, sipendi hata kuwaza. Ile ni kilo tano na pembe za plastiki ngumu.

Tuliporudi nikampeleka ami yangu akaangalie. Ami si fundi wa magari, ami alikuwa baharia, miaka mingi kwenye majahazi ya Lamu na Mombasa, lakini mtu aliyefunga shehena ya mikoko na magunia baharini wakati wa kusi anajua kitu kikifungwa kikafungika. Akaigonga ile plaiwudi kwa kidole, ikalia kama debe. Akaniambia, "Mwanangu, hili si ukuta, hii ni nguo ya ukuta. Mataruma yake yako wapi?" Mataruma ni zile mbavu za jahazi ambazo mbao zote hupigiliwa juu yake. Na gari nayo ina mataruma yake, zile nguzo za chuma zilizo kati ya dirisha na dirisha, bati la nje limeshikwa nazo. Hapo ndo pa kufunga kitu, kwengine kote ni nguo.

Sasa nieleze ya pili tulivyoichagua, alafu nirudi kwenye kufunga manake huko ndo kuna maneno mengi.

Kwanza ukubwa. Watu hupenda kuuliza inchi ngapi, mimi nasema chukua futi upime pale itakapokaa na umbali wa macho. Inchi 24 ni kipimo cha pembe hadi pembe, upana wake na fremu ni kama sentimita 55, na ile ya 32 yafika sentimita 73 hivi. Kwetu kati ya nguzo na kabati pana sentimita 62. Na kutoka mto wa mama hadi kioo ni mita moja na nusu, kwa umbali huo inchi 24 inatosha sana, anasoma hata maandishi yanayopita chini ya habari.

Pili, na hii wauzaji hawakwambii, ni pembe ya kutazamia. Sebuleni mnakaa mbele ya TV. Ndani ya gari hakuna mbele, mmoja amelala kitandani anatazama kutoka chini, mwingine yuko benchi ubavuni, mtoto yuko mlangoni. Kuna vioo ukivitazama kutoka chini sura za watu zinageuka nyeusi kama negativu ya picha, na kuna vingine ukikaa ubavuni rangi zinapauka. Kioo cha aina ya IPS ndicho kinachovumilia pembe zote. Sasa dukani pale Digo Road nikamwomba kijana aiwashe, nkachuchumaa chini kabisa nkatazama juu, nkasogea kushoto, kulia, watu wananiangalia. Nilizipima tano hivyo. Mbili nilizikataa papo hapo kwa sababu mama angeona vivuli tu. Na kioo chenyewe kisiwe cha kung'aa kama maji, mchana madirisha yote ya gari huonekana ndani yake, tafuta kile cha kufifia kidogo.

Tatu ni umeme, na hapa tafadhali usome kibandiko kabla ya kulipa. TV nyingi ndogo zina adapta yake ya nje, ile boksi nyeusi kwenye waya. Geuza adapta usome pale penye OUTPUT. Ikiandika volti 12, hiyo TV yaweza kula kwenye betri ya gari bila inveta, kile kidude kinachogeuza 12 ya betri kuwa 240 ya nyumbani. Ikiandika 19 hiyo ni habari nyengine, haili kwenye betri ya 12 hivi hivi. Ikiwa haina adapta, waya wa ukutani unaingia moja kwa moja kwenye TV, basi yataka 240 na lazima inveta. Sisemi inveta ni mbaya, lakini hesabu yake ndo hii. Ile ya zamani ya inchi 32 ilikula kama wati 50, ukitia na zinazopotea ndani ya inveta zikawa kama 60, ambayo ni ampea 5 kutoka kwenye betri, ukiitazama kwa saa nne ni ampea-saa 20 zimekwenda. Hii ya 24 nimeipima kwa mita mwangaza ukiwa wa kati, yala ampea 2.2, saa nne haifiki hata 9. Betri yetu ni ya ampea-saa 100 ya maji ya kawaida, na betri ya aina hiyo ukitaka ikae miaka usiitumie kupita nusu, kwa hivo nina 50 za kucheza nazo na kifriji kinataka zake, feni inataka zake. Na inveta ukiisahau iko on usiku kucha inakula hata kama TV imezimwa. (Kama gari yako ni basi kubwa au lori huenda mfumo wake ni wa volti 24, usichomeke chochote cha 12 hapo bila kushusha kwanza.)

Nne, mitambo ya kushika chaneli. Kenya tulihama kutoka analojia mwaka wa 2015 na matangazo ya hewani sa hii ni ya mfumo wa kidijitali uitwao DVB-T2, mdogo wake wa zamani ni DVB-T. Mombasa hapa tuna bahari, tuna bandari, vitu vya mitumba vya Uingereza, Dubai na Japani vinatufikia vingi na bei yake yavutia. Lakini TV ya zamani ya Uingereza yaweza kuwa na T peke yake bila T2, utaskani mpaka asubuhi usipate kitu, itabidi ununue king'amuzi pembeni, waya juu ya waya. Ya Japani ndo zaidi, mfumo wao wa matangazo ni mwengine kabisa na umeme wao ni volti 100, ukiichomeka kwa 240 yetu bila kupunguza unaiua. Mimi nilichukua mpya yenye T2 ndani, shilingi elfu kumi na mbili na mia tano, na bodi ya gari kwa vile ni chuma inazuia mawimbi nikatoa antena nje, kijiti cha kukunja kwenye reli ya dari.

Haya, nikawa nayo. Nikaitia umeme mwenyewe kwa haraka, kwa ule waya mwembamba mwekundu na mweusi wa spika, kwa sababu ulikuwepo. Hilo ndo kosa la pili.

Tarehe 10 Agosti 2025, Jumapili, CHAN, lile kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, timu yetu Harambee Stars na Morocco pale Kasarani. Sisi tuko Kilifi tangu Ijumaa, gari haijawashwa siku mbili, kifriji kinafanya kazi mchana na usiku. Mama amekaa tangu saa tisa kasoro amejifunga leso, ami yupo, majirani wawili tuliokutana nao hapo hapo kambini wameingia, gari imejaa. Dakika ya 42 Ryan Ogam anafunga, gari nzima inaruka, nadhani hata majirani wa mbali walisikia. Kabla ya mapumziko tunapata kadi nyekundu, tumebaki kumi. Kipindi cha pili ndo roho juu, Morocco wanakuja tu wanakuja tu, na hapo hapo TV inazima. Naiwasha, inakuja nembo, inazima. Naiwasha tena, vilevile. Mama hakusema kitu, aliniangalia tu. Tulimalizia kwa simu ndogo ya mmoja wa majirani, watu saba wamekizunguka kioo cha kiganja, na mama macho yake hayaoni kioo kidogo kwa hivyo alikuwa anauliza "yuwapi sasa? nani ana mpira?" mpaka filimbi. Tulishinda moja bila. Lakini mimi ile furaha niliipata nusu, wallahi, kwa sababu mtu niliyemtilia TV ndiye hakuona.

Usiku nikatoa mita. Betri inasoma 12.0, imeshuka lakini haijafa. Mwisho wa waya, kwenye TV yenyewe ikiwa inajaribu kuwaka, nasoma 11.2. Volti 0.8 zimepotea njiani! Waya ule ulikuwa wa nusu milimita ya mraba, na kutoka betri hadi TV kwa kupinda pinda ni mita 5, kwenda na kurudi 10. Waya mwembamba ni kama mpira wa maji mwembamba, mwisho kinatoka kijitone. Nikatoa wote nikatia wa milimita 2.5 za mraba, shaba tupu, sasa inayopotea haifiki volti 0.2. Fyuzi ya ampea 5 karibu kabisa na betri, si karibu na TV, kwa sababu fyuzi yalinda waya usiwake moto, ikiwa mwisho wa waya inalinda nini?

Na kuna upande wa pili wa hiyo shilingi ambao wengi hawauoni. Injini ikinguruma, alteneta inasukuma mpaka volti 14.4 na betri yetu ya pili inachajiwa nayo. TV iliyoandikwa 12 imezoea adapta inayotoa 12 kamili, haikutengenezwa kwa 14.4. Zipo TV zilizoundwa maalum kwa ajili ya magari na boti ambazo zinakubali kutoka 9 mpaka 30, lakini bei yake si ya kwetu. Nilinunua kile kidude cha kusawazisha volti, kinaingia chochote kati ya 9 na 20 na kutoa 12 tu, kidogo kama boksi la kiberiti, nikakifunga nyuma ya TV. Tangu hapo haijazima. Robo fainali na Madagascar mama aliitazama yote mpaka penalti, tulitoka, alilia, lakini aliona.

Turudi kwenye kufunga. Tulipata nguzo mbili za chuma kwa kugonga na kwa kutumia sumaku kidogo. Kabla ya kutoboa toa kifuniko cha ndani uangalie kwa macho, nyuma ya nguzo za Hiace kuna waya za taa zinapita, na bati la nje liko karibu sana, keekee ikiteleza umetoboa gari mpaka nje na hapo ndo kutu itazaliwa. Nilitia kipande cha bomba la plastiki kwenye ncha ya drili kikaacha sentimita moja tu ya kutoboa, haiwezi kuzama zaidi. Fundi seremala wa Majengo akanikatia ubao wa plaiwudi ya baharini, milimita 18, unaofika kutoka nguzo hadi nguzo. Ule ubao ndo ukuta wenyewe. Umefungwa kwenye chuma kwa bolti nne za milimita 6 zinazoingia kwenye nati za ribiti, zile zinazobanwa ndani ya tundu kwa mashine ya mkono, kwa sababu nyuma hakuna pa kupitisha spana. Kila tundu nililipaka rangi ya kuzuia kutu na kulisubiri likauke. Bolti ziwe za stenlesi, hapa kwetu hewa ya chumvi inaila bolti ya kawaida ndani ya msimu mmoja, na ikishaota kutu haikazi wala haifunguki.

Juu ya ubao ndo braketi, na braketi hii inapita ubao mzima, bolti kutoka nyuma, washa pana, na nati zile zenye plastiki ndani zisizolegea kwa mtetemo. Nyuma ya TV kuna matundu manne, kipimo chake ni cha dunia nzima, kwa TV ndogo ni sentimita 7.5 kwa 7.5 au 10 kwa 10, pima kabla ya kununua braketi. Na angalia urefu wa skrubu zinazoingia kwenye TV! Ndefu kupita kiasi inaingia ndani inagusa kioo au saketi. Ingiza kwa mkono bila nguvu, ikigoma mapema tia washa.

Ule mkono mrefu wa kuvuta niliuacha. Nlikuwa nautaka kwa sababu ya kuizungusha, lakini ami alishika kopo la rangi akanyoosha mkono akaniambia nami nishike, "sasa lilete kifuani." Kopo lilelile, kifuani halina uzito. TV ikiwa sentimita 40 nje ya ubao kila mtikiso unaivuta bolti kama mtaimbo. Nimetumia mkono mfupi wa kuinamisha tu, imeinama chini kumtazama mama, na katikati ya kioo iko sentimita 95 kutoka sakafuni, jicho lake akiwa amelala liko 70. Hatuinui shingo.

Hata hivo njia mbaya hatuiamini. Kwenye lami TV inabaki, na mkanda mmoja wa kubana unapita mbele yake na kitaulo katikati. Kabla ya murram tunaitoa kabisa, pini moja na waya mbili, dakika moja, inasimama wima kati ya godoro na ubao wa kitanda imefungwa na blanketi. Isimame, isilazwe, kioo kikilala kinabeba uzito wake mwenyewe na kila tuta linakipiga.

Joto nalo. Kaskazi ikiwaka na gari imefungwa juani huko ndani ni tanuri, kitabu cha hii TV kinasema isifanye kazi ikipita digrii 40. Tukifika mahali tunafungua milango kwanza robo saa, alafu ndo twawasha. Nyuma yake nimeacha nafasi ya vidole vitatu hewa ipite. Na sauti, spika za TV hizi ziko mgongoni zinapiga ubao, nikanunua kaspika ka blututhi nikakaweka karibu na mto wa mama, sasa hatupigi kelele kambi nzima.

Nimechora mstari wa rangi nyeupe juu ya kila nati na kuushusha hadi kwenye ubao, nati ikizunguka hata kidogo mstari unavunjika unaona. Jana jioni kabla ya kujaza maji nilipitia kwa tochi, twaenda Shimoni Ijumaa. Tatu ziko pale pale. Ya nne, ya chini kulia, ilikuwa imesogea kama upana wa kucha. Nimeikaza na kuichora upya.